Mafuta ya Mbuta Kwenye Bawaba

Nina mdomo mbaya, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Kwenye kibanda changu cha kunyoosha bodi za magari pale Migori, wateja huja wakijua kwamba watatukanwa kidogo kabla gari halijaguswa. Mfanyabiashara mmoja wa Ogwedhi aliwahi kuniletea pikapu ya kubebea ng'ombe, bawaba za mlango wa nyuma zimeliwa zote mbili, akaniambia gari hilo lina mkosi. Nikamuuliza kama mkosi ndio uliokuwa ukikojoa. Mkojo wa ng'ombe ulikuwa umechuruzika pale soko baada ya soko, na yeye hakuwahi kuumwagia hata ndoo moja ya maji. Waliokuwa wakingojea magari yao wakacheka, naye akacheka nao kwa aibu. Mwaka uliofuata alirudi na pikapu nyingine.

Kutu ya bawaba ina tabia zake. Huanzia ndani, nyuma ya bati, katika ile nguzo ambayo bawaba imefungwa, mahali jicho halifiki. Maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo, yakashuka ndani ya mlango na ndani ya nguzo, na yanatakiwa yatokee chini kwenye vitundu vidogo ambavyo wenye magari wengi hawajui kama vipo. Kitundu kikiziba, maji yanakaa. Yakikaa, chuma huliwa kutoka nyuma huku rangi ya mbele ikiendelea kung'aa. Siku unapoona kipele chini ya rangi, jua kwamba nyuma yake hamna kitu tena. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mteja lilikuwa moja: ulimwaga nini hapa? Nililiuliza miaka mingi hadi nikaamini kwamba kila bawaba iliyooza ina mtu wa kulaumiwa, na kwamba mtu huyo ndiye aliyesimama mbele yangu.

Gari la baba ni stesheni wagoni ya rangi ya maziwa, iliyoundwa kabla sijazaliwa. Baba alikuwa karani mjini Homa Bay, na nyumbani kwetu ni upande wa Rodi Kopany. Siku za kazi alikwenda kwa basi kama watu wengine. Gari lilikuwa la Sabato. Kila Jumamosi asubuhi alimpeleka mama kanisani, mama akiwa amekaa mbele kushoto na Biblia yake mapajani. Kishikio cha ndani cha mlango ule kilivunjika nikiwa mdogo. Basi wakifika, baba alishuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia. Wanaume wa kijiji walimcheka, wakasema mzee amegeuka dereva wa mkewe. Kishikio cha kubadilisha kilipatikana kwa urahisi, na baba hakukinunua hadi alipokufa. Mama naye angeweza kutoa mkono dirishani akajifungulia kwa nje, lakini sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Baba alikufa miaka saba iliyopita. Gari likabaki kwenye kibanda cha mabati kinachovuja kando ya nyumba, magurudumu yamelala, kuku wanataga chini yake. Hakuna aliyethubutu kusema liuzwe. Na kila Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua na Sabato haijaingia, mama alipomaliza maandalizi yake yote, chakula kikiwa kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, nguo zimepigwa pasi, alichukua kopo dogo na unyoya wa kuku, akaufungua mlango ule wa mbele kushoto, akapaka mafuta bawaba ya juu, akapaka ya chini, akaufungua na kuufunga mara tatu. Nilimwona akifanya hivyo kila nilipokwenda nyumbani wikendi. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani ni mambo ya ujane, na mambo ya ujane mwanamume haulizi.

Mwaka jana nilipata nafasi. Kazi zilikuwa zimepungua kidogo, nikampigia simu mama nikamwambia nitalichukua gari la baba nilifufue, bodi na injini. Akasema, "Nyathina, mimi nataka kitu kimoja. Nikae mahali pangu, mlango ufunguke vizuri, niende kanisani. Hata Sabato moja tu."

Nyathina ni mwanangu. Mama huniita hivyo akiwa na furaha, na mimi ni mtu mzima wa mvi.

Nilifika nyumbani Jumapili asubuhi na sanduku la spana. Siku hiyo akina mama wa kanisani walikuwa wamekuja kumsaidia kupalilia njugu, na waliponiona nimelala chini ya gari, majembe yakawekwa. Wakaketi kwenye nyasi wapata saba au wanane, wanatazama fundi kutoka Migori anavyofanya kazi. Sitaficha kwamba nilifurahia. Nilipenda kutazamwa.

Nikaanza na mlango wa mama, kwa sababu ndio alioutaka. Nililegeza bolti za bawaba ya juu, mlango ukabaki palepale. Nilipogusa ya chini, mlango mzima uliniangukia gotini, na bawaba ikaja nao ikiwa imeshikilia kipande cha nguzo. Kilivunjika kama mkate uliolowa. Harufu ya samaki ikanipanda puani.

Nikageuka. "Mama, umekuwa ukipaka nini hapa?"

"Mafuta ya mbuta," akasema. Alikuwa amesimama karibu yangu, anafuta mikono kwa leso.

"Yale ya kukaangia?"

"Ya mbuta."

Sikungoja zaidi ya hapo. Kila mtu kwetu anajua mafuta ya kukaangia samaki yalivyo: kando ya barabara Homa Bay yanakaanga mgongo wazi, mifupa ya mbuta, yule sangara wa ziwani, inayobaki minofu ikishatolewa, asubuhi hadi jioni, yameshiba chumvi hadi yamekuwa meusi. Nikakiinua kile kipande cha nguzo ili wale akina mama wakione vizuri. "Mnaona hii? Hii ni chumvi. Miaka saba mama anakaanga gari la baba kama samaki. Mvua ingelila polepole, angalau ingechukua muda. Yeye kila wiki anaongeza."

Mmoja wao akasema, "Yawa," yaani jamani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba yaishe. Mwingine alicheka. Nikasikia kile kicheko, nikanogewa. Nikasema kama kuna mtu anataka kuua gari asihangaike kwenda kwa fundi mbaya, alilete kwa mama yangu.

Mama akasema, "Sikutia chumvi."

"Chumvi haingoji kutiwa, Mama. Iko ndani ya mafuta."

Mama akainama, akachukua leso ile ile aliyofutia mikono, akaifuta bawaba niliyokuwa nimeiweka chini, taratibu, juu na chini, mpaka leso ikawa nyeusi. Kisha akaenda jikoni kuwapikia wageni chai. Wale akina mama walirudi kwenye njugu, na mimi nikapakia gari kwenye lori la kukodi nikaondoka kwenda Migori.

Nililigusa gari baada ya wiki mbili. Mlango niliulaza juu ya magurudumu mawili ya zamani, nikachukua grenda, nikaanza kuikata nguzo ili nione kutu imefika wapi. Kwanza niliziangalia bawaba zenyewe. Nilipigilia pini zake nje kwa nyundo na msumari mnene, nikitarajia zitoke vipande vipande. Zilitoka nzima. Ya juu ilikuwa inang'aa. Ya chini, ile niliyowaonyesha watu, ilikuwa na kutu tu pale iliposhikana na nguzo. Lakini pini, na tundu la pini, na kila mahali ambapo unyoya wa kuku ungeweza kufika, palikuwa safi, pamefunikwa na utando wa mafuta ya manjano yaliyoganda. Nikaweka kidole, nikalamba. Hakukuwa na chumvi.

Nikakata zaidi. Chini ya nguzo, pale ambapo kitundu cha kutolea maji hutakiwa kuwa, palikuwa na bati limechomelewa. Ndani yake, nyuma ya bati lile, kulikuwa na tope jekundu la kutu, bichi, limejaa kama uji kwenye bakuli. Maji yalikuwa yameingia kwa miaka na hayakuwa na pa kutokea.

Bati lile nalijua. Mimi natumia mkono wa kushoto, na siku zile nikiwa najifunza kazi, mshono wangu wa kuchomelea ulikuwa unapanda kutoka kulia, ukifika mwisho unajikunja kama mkia wa nguruwe. Hakuna fundi mwingine Migori nzima anayemaliza hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili baba aliposugua ubavu wa gari, upande wa mlango wa mama, kwenye nguzo ya lango, akaniita nyumbani, akasema hataki fundi mwingine. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu. Nilichukua bati, nikalipima kwa kiganja, nikalichomelea lote, na kile kitundu nikakiona kama kasoro nikakiziba. Nilifurahi kwamba kimeziba vizuri. Baba alilizungusha gari kijiji kizima siku hiyo, akiwaambia watu wapige mlango waone kazi ya kijana wake.

Nilikaa chini kwenye tairi na grenda mkononi, imezimwa. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu ameona, na hakukuwa na mtu, na hata kama angekuwepo asingejua anachokiona. Nikakikata kile kiraka. Nikakitupa kwenye rundo la chuma chakavu, na wiki hiyo hiyo mnunuzi wa chuma chakavu akalipakia rundo zima akaenda.

Jioni ya siku ile niliyoikata nguzo, mama alipiga simu. Akaniuliza habari ya watoto, akaniuliza kama mvua imefika Migori. Halafu akauliza, "Umeifungua ile nguzo?"

"Nimeifungua."

"Umeona nini ndani?"

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa peke yake kule, mimi nilikuwa peke yangu huku, hakukuwa na mtu wa kucheka. Ningesema maneno matano tu. Nikafikiria miaka yote niliyowavua nguo wateja wangu mbele ya watu, nikafikiria yule wa pikapu ya ng'ombe, na nikaona siwezi kuwa mmoja wao. "Chumvi, Mama," nikasema. "Ni vile nilivyosema."

"Sawa," akasema, akakata.

Baada ya hapo nililifanya gari lile kama sijawahi kufanya gari lolote. Nilikata chuma chote kilichooza hadi nikafika kwenye chuma kinacholia kikigongwa. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikasugua kwa msasa, nikapaka asidi ya kuua kutu, nikakiosha chuma na kukikausha kwa jua siku mbili. Niliunda nguzo mpya kwa bati nene, na vitundu vya maji nikavitoboa viwili badala ya kimoja, nikavipitisha waya kuhakikisha viko wazi. Nikapiga rangi nyekundu ya kuzuia kutu ndani kabla ya kufunga, kwa sababu mafundi wengi hupaka nje tu, ndani wanamwachia Mungu. Fila, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, sikutumia hata kijiko kimoja karibu na bawaba. Fila hunyonya maji kama sponji, na anayeipaka pale anaficha tu.

Kisha ikabaki sehemu ambayo rangi haifiki: mapindo ya bati, nyuma ya bawaba, ndani ya nguzo. Pale huhitajika kitu cha mafuta, kinachotambaa chenyewe mpaka kwenye nyufa na kukaa miaka bila kukauka. Nilijua cha kutumia. Nilikwenda Homa Bay, hadi ufukweni wanakonunua samaki, nikamwuliza mwanamke anayeyeyusha mafuta ya tumbo la mbuta kama huwa anatia chumvi. Alinitazama kama anayemtazama mjinga. "Ya kupika unatia wewe mwenyewe kwenye sufuria," akasema. "Haya ni mafuta tu. Kuna mama wa upande wa Rodi alikuwa ananunua kopo kila mwezi, sasa haji tena."

Nikanunua makopo mawili. Nikayapasha moto, nikayamimina ndani ya nguzo na ndani ya mlango, nikapaka pini kwa unyoya. Siku hizi nayatumia kwa kila gari la zamani linaloletwa kwangu. Wateja huniuliza siri yangu ni nini, nami huwaambia ni uzoefu.

Nililirudisha gari nyumbani Ijumaa mchana, linatembea lenyewe, rangi yake ya maziwa kama mpya. Mama alilizunguka mara moja akiwa ameweka mikono nyuma. Alisema baba angefurahi. Jua liliposhuka nikangoja aje na kopo lake na unyoya, akabaki ndani akinyoosha nguo. Kopo sikuliona mahali lilipokuwa likikaa.

Asubuhi, alitoka na gauni lake la Sabato na Biblia. Nilikuwa nimejipanga. Kishikio cha ndani sikukitengeneza, makusudi kabisa. Nikashuka, nikazunguka mbele ya gari kama alivyofanya baba, nikamfungulia mlango wake. Uliteleza bila kutoa sauti, ukasimama wazi kwa uzito wake, ambao ndio mtihani wa bawaba iliyofungwa vizuri. Mama akaupita. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia, akaketi.

"Mama, mahali pako ni hapa mbele."

"Nisiuguse mlango huo," akasema. "Mikono yangu ina chumvi."

Watu husema mdomo huu niliurithi kwake. Tofauti ni kwamba yeye huutumia mara moja kwa mwaka.

Niliendesha hadi kanisani kiti cha mbele kikiwa kitupu. Akina mama wale wale wa njugu walikuwa mlangoni, wakaona nani amekaa wapi. Ibada ilipokwisha tukarudi, sisi wawili tu, na tulipokaribia nyumbani mama akasema kutoka nyuma yangu, "Kile kiraka chako, ulikitoa?"

Nikamtazama kwenye kioo. "Kiraka gani?"

Nilimwambia hivyo, mama yangu mzazi, siku ya Sabato, wakati tayari alikuwa anaujua ukweli. Hakukasirika. Akaeleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Alisema mvua ya kwanza baada ya mimi kuchomelea, baba aliufungua mlango akasikia maji yanacheza ndani. Akajua nimeziba mahali pa kutokea. Mama akamwambia aniite nirekebishe. Baba akakataa, akasema kijana ndio kwanza anaanza, ukimvunja moyo leo hii hatashika nyundo tena. Akaenda mwenyewe ufukweni akauliza wavuvi wanazuiaje kutu kwenye vyuma vya mashua, akarudi na kopo la mafuta ya mbuta. Akapaka kila Ijumaa hadi mwisho. Alipolazwa mara ya mwisho hospitalini, alimwambia mama asiache kupaka, na asiniambie.

"Kwa hiyo nilijua si chumvi," mama akasema. "Nilikupigia simu ili uniambie mwenyewe."

Nikasimamisha gari kando ya barabara. Nikamwambia nisamehe, Mama. Nililia, mtu mzima, kichwa kwenye usukani. Aliningoja nimalize.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini hukusema tukiwa peke yetu. Ulisema mbele ya watu. Wale wanajua niliua gari la mume wangu. Nenda uwaambie, kisha nitakaa mbele."

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Kila Jumamosi natoka Migori alfajiri ili nimpeleke kanisani, na wale akina mama wanasimama mlangoni pale pale, saba au wanane. Ni sentensi moja. Nimeipanga kichwani njia nzima kutoka Rongo, na nikifika, ulimi wangu ambao haujawahi kukosa neno la mtu mwingine unakuwa mzito. Najiambia wameshasahau. Najiambia mmoja wao mtoto wake ni mteja wangu, habari itafika Migori kabla yangu. Mama amezeeka sana mwaka huu, anapanda gari kwa kushika paa, na miguu imeanza kuvimba.

Bado nashuka, nazunguka mbele ya gari, namfungulia mlango wake. Bado anaupita, anafungua wa nyuma mwenyewe, na wale akina mama wanatazama. Kisha mimi naufunga ule wa mbele. Hautoi sauti yoyote, na hauna hata kipele kimoja cha kutu.